Kuhashi Data: Katika Programu au Katika Kanzidata? Namna ya Kufundisha Upimaji wa Kasi

Utangulizi

Miongoni mwa maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanachuo wa somo la kompyuta ni hili: je, kazi ya kuhashi data hufanyika upesi zaidi ikiandikwa katika programu, au ikiachiwa kanzidata yenyewe? Mkufunzi anaweza kujibu kwa neno moja na kuendelea na somo. Lakini jibu la neno moja humzoeza mwanachuo kuamini, wala halimzoezi kupima. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi swali hilo linavyoweza kufundishwa kwa vipindi vitatu, viwili kati yake vikiwa havihitaji umeme wala kompyuta. Yataonyesha kwamba, katika kazi nyingi, kasi hutegemea idadi ya safari za data kuliko mahali hesabu inapofanyikia. Vilevile yataonyesha kazi moja ambamo kasi yenyewe hugeuka kuwa adui.

Suala hili si nadharia tupu. Mwalimu mpya anayejua kompyuta akifika shuleni, aghalabu yeye ndiye huombwa kutengeneza daftari la kompyuta lenye majina ya wanafunzi, maksi zao na namba za simu za wazazi. Daftari hilo likivuja, atakayeumia ni mzazi. Sote tunawajua matapeli wanaotuma ujumbe wa kutaka hela itumwe kwa namba fulani, au wanaompigia mzazi na kudai kwamba mtoto wake ameugua ghafla shuleni. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu azilinde. Kwa hiyo mwanachuo hana budi kujua anachokifanya anapoandika neno moja tu la kuhashi.

Maana ya kuhashi

Kuhashi ni kuchukua data yoyote, iwe fupi au ndefu, na kuipitisha katika kanuni ya hesabu inayotoa tokeo lenye urefu maalumu. Tokeo hilo huitwa hashi. Data ileile hutoa hashi ileile daima. Wazo la kutumia hesabu ya namna hii katika kupanga na kutafuta kumbukumbu liliandikwa na Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM mwaka 1953. Baadaye zilitungwa kanuni ngumu zaidi kwa ajili ya usalama. Kanuni ya MD5, iliyotungwa na Ronald Rivest na kutangazwa mwaka 1992, hutoa hashi ya biti 128. Kanuni ya SHA-256 hutoa biti 256, ambazo kwa kawaida huandikwa kwa tarakimu na herufi 64. Mwaka 2004 watafiti wakiongozwa na Xiaoyun Wang walionyesha data mbili tofauti zenye hashi moja ya MD5. Tangu hapo kanuni hiyo haifai kutegemewa katika mambo ya usalama.

Mwanachuo aliyekulia Ulemo, au kijiji kingine chochote cha Iramba, ataelewa upesi akielezwa kwa mfano wa alizeti. Mbegu zikishapita katika mashine ya kukamua, mafuta hayawezi kurudi kuwa mbegu. Hashi nayo haina njia ya kuirudisha data iliyoizaa. Hata hivyo mkufunzi aonyeshe pia mfano huu unapoishia: magunia mia hutoa mafuta mengi kuliko gunia moja, lakini hashi ya kitabu kizima ina urefu sawa na hashi ya neno moja.

Mfano huohuo hutuingiza katika swali letu. Mkulima mwenye magunia mia ghalani anaweza kuyapeleka mashineni gunia moja moja kwa baiskeli. Anaweza kuyapakia yote katika lori moja. Au anaweza kuileta mashine ghalani. Katika njia zote tatu mashine ni ileile, na kasi yake ya kukamua ni ileile. Kinachotofautiana ni mwendo wa barabarani. Hapa ghala ni kanzidata, mashine ni kanuni ya kuhashi, na barabara ni mtandao unaounganisha programu na kanzidata.

Kipindi cha kwanza: Hashi ya ubaoni

Madhumuni ya kipindi hiki ni kumwezesha mwanachuo kuhashi kwa mkono. Mkufunzi aandike kanuni hii ubaoni: anza na 7, kwa kila tarakimu ya namba uliyopewa, zidisha ulichonacho kwa 3, kisha ongeza tarakimu hiyo, mwishoni chukua tarakimu mbili za mwisho za jibu.

Tuchukue namba 452. Saba mara 3, ongeza 4, tunapata 25. Ishirini na tano mara 3, ongeza 5, tunapata 80. Themanini mara 3, ongeza 2, tunapata 242. Tarakimu mbili za mwisho ni 42. Basi hashi ya 452 ni 42.

Kisha wanachuo wapewe namba 542, 453 na 522. Watagundua mambo matatu. Kwanza, 542 hutoa 48, ingawa tarakimu zake ni zilezile za 452; maana yake ni kwamba mpangilio huhesabiwa. Pili, 453 hutoa 43, jirani kabisa wa 42. Huu ni udhaifu wa kanuni yetu, kwa kuwa kanuni iliyo bora hutawanya matokeo hata data inapotofautiana kidogo sana. Tatu, 522 hutoa 42, sawa na 452. Huo ni mgongano, nao hauepukiki, kwani namba za tarakimu tatu ni 1,000 na hashi zetu ni 100 tu. Mwanachuo akipewa 42 na kuulizwa ilitoka wapi, hawezi kujibu kwa hakika.

Kipindi cha pili: Safari za kadi

Madhumuni ya kipindi hiki ni kupima athari ya safari. Vifaa vinavyohitajika ni kadi 30 zenye namba za tarakimu tatu, kapu moja, meza mbili na saa yenye mshale wa sekunde. Meza ya mbele iitwe kanzidata, ndiko kadi zilipo. Meza ya nyuma iitwe programu, ndiko mhesabuji alipo. Mwanachuo mwingine awe mjumbe, na mwingine mtunza saa. Kabla ya kuanza, kila mmoja aandike daftarini njia anayodhani itashinda.

Katika njia ya kwanza, mjumbe anachukua kadi moja, anaipeleka nyuma, mhesabuji anaandika hashi, kadi inarudishwa mbele, ndipo ichukuliwe nyingine. Hizo ni safari 30 za kwenda na kurudi. Katika njia ya pili, kadi zote zinatiwa kapuni, zinapelekwa mara moja, zinahashiwa zote na kurudishwa mara moja. Katika njia ya tatu, mhesabuji anahamia meza ya mbele na kufanyia kazi hukohuko. Mhesabuji asibadilishwe katika njia zote tatu, lakini kadi zibadilishwe ili asitumie majibu anayoyakumbuka.

Njia ya kwanza itachelewa, na kila mtu ataona sababu kwa macho yake. Jambo la kusisitiza ni kwamba njia ya pili na ya tatu hukaribiana. Mkufunzi aulize: “Katika njia ya pili hesabu ilifanyikia wapi?” Watajibu kwamba ilifanyikia katika programu. “Mbona haikuchelewa kama ile ya kwanza?” Hapo darasa lenyewe litasema kwamba lililochelewesha kazi halikuwa mahali, bali wingi wa safari. Ni heri kauli hiyo itoke kwao kuliko kuandikwa ubaoni na mkufunzi.

Kipindi cha tatu: Upimaji katika kompyuta

Kwa kipindi hiki yatosha kompyuta moja yenye lugha ya Python na kanzidata ya PostgreSQL toleo la 11 au la baadaye, kwani tangu toleo hilo la mwaka 2018 PostgreSQL ina kitendaji cha sha256 ndani yake. MySQL nayo ina kitendaji chake kiitwacho SHA2. SQLite ya kawaida haina kitendaji cha namna hii; tena hukaa ndani ya programu yenyewe, kwa hiyo haina barabara ya mtandao ya kupimwa.

Watengenezewe jedwali la wanafunzi wa kubuni 100,000. Majina halisi ya wanafunzi yasitumike kamwe kwa majaribio. Katika kanzidata kazi yote huamriwa kwa sentensi moja:

    UPDATE wanafunzi
    SET hashi = encode(sha256(convert_to(jina, 'UTF8')), 'hex');

Katika Python hashi ya jina moja hupatikana hivi:

    hashlib.sha256(jina.encode('utf-8')).hexdigest()

Kabla ya kupima kasi, wanachuo wathibitishe kwamba pande zote mbili zinatoa tokeo moja. Neno “abc” linafaa kwa kazi hii: hashi yake ya SHA-256 huanza na ba7816bf na kuishia na f20015ad. Zikitofautiana, sababu huwa ni nafasi tupu au alama ya mstari mpya iliyojificha mwishoni mwa neno, herufi kubwa badala ya ndogo, au namna tofauti za kuwakilisha herufi. Kasi ya jibu lisilo sahihi haina maana.

Baada ya hapo watu wapige hesabu ubaoni kabla ya kugusa kompyuta. Tuseme, kwa mfano tu, kuhashi jina moja huchukua mikrosekunde 1, na safari moja baina ya programu na kanzidata katika mtandao wa chuo huchukua nusu milisekunde. Kuhashi majina 100,000 kutachukua sekunde 0.1. Lakini programu ikiandika mstari mmoja mmoja, safari 100,000 zitachukua sekunde 50. Ikiandika kwa makundi ya mistari 1,000, safari ni 100, nazo zitachukua sekunde 0.05. Sasa tuihamishe seva mahali pa mbali ambako safari moja huchukua milisekunde 20. Njia ya mstari mmoja mmoja itachukua sekunde 2,000, yaani zaidi ya nusu saa. Njia ya makundi itachukua sekunde 2. Muda wa kanzidata kuandika kwenye diski utaongezeka katika njia zote, lakini hesabu ya safari ndiyo itakayoleta tofauti kubwa.

Ndipo wapime kwa vitendo: mstari mmoja mmoja, makundi, na sentensi moja ya SQL. Kila kipimo kirudiwe mara tano. Cha kwanza kiachwe, kwa kuwa data huwa bado haijapanda kutoka diskini. Kati ya vinne vinavyobaki ichukuliwe wastani. Waangalie pia kama programu inathibitisha uandishi kwa kila mstari au mara moja mwishoni, kwani uthibitisho huo nao una gharama yake. Asiyelinganisha hali sawa hulinganisha vitu viwili visivyohusiana.

Kutokana na vipimo hivi wanachuo wataweza kuunda kanuni yao wenyewe: hesabu na iende ilipo data. Ikiwa data imekwisha kulala katika kanzidata na ni nyingi, yafaa ihashiwe hukohuko kwa sentensi moja. Ikiwa data ndiyo kwanza inaingia, kwa mfano faili linalopokelewa kutoka kwa mtumiaji, yafaa ihashiwe katika programu kabla ya kupelekwa kokote.

Kasi inapokuwa adui

Kanuni hiyo hukoma tufikapo kwenye nywila. Hapa mkufunzi asiharakishe.

Tuseme shule imempa kila mwanafunzi nywila ya tarakimu sita. Nywila zinazowezekana ni 1,000,000. Mwizi aliyeiba jedwali la hashi haigeuzi hashi nyuma; yeye huhashi nywila zote zinazowezekana na kulinganisha. Kompyuta yake ikihashi mara 1,000,000 kwa sekunde, kazi yote itakwisha kwa sekunde moja. Na kama hashi hizo hazina chumvi, sekunde hiyo moja imefichua nywila za shule nzima. Chumvi ni data ya kubahatisha inayochanganywa na nywila kabla ya kuhashi, tofauti kwa kila mtu, ili watu wawili wenye nywila moja wasiwe na hashi moja. Haya yalitokea kwa kampuni ya LinkedIn mwaka 2012, hashi za SHA-1 zipatazo milioni 6.5, zisizo na chumvi, zilipotolewa hadharani.

Kwa sababu hiyo nywila huhashiwa kwa kanuni zilizotungwa ziwe nzito kwa makusudi. Kanuni ya bcrypt ilitungwa na Niels Provos na David Mazières mwaka 1999. Kiwango cha uzito wake kikiongezwa kwa 1, kazi huongezeka maradufu. Kanuni ya Argon2 ilishinda mashindano ya kimataifa ya kuhashi nywila mwaka 2015. Tukipanga uzito ili hashi moja ichukue robo sekunde, mwanafunzi anayeingia hataona tabu. Lakini mwizi mwenye kompyuta ya kasi hiyo atahitaji sekunde 250,000 kumaliza nywila zote za tarakimu sita, yaani takriban saa 69. Kwa wanafunzi 800, kila mmoja na chumvi yake, ni zaidi ya miaka sita. Hata hivyo mwizi anaweza kuwa na kompyuta nyingi; kwa hiyo nywila ndefu bado ni lazima.

Je, hashi hii nzito ifanyikie wapi? PostgreSQL inaweza kuifanya kwa kutumia kiambatisho cha pgcrypto, lakini mahali pake panapofaa ni katika programu. Sababu ya kwanza ni kwamba, ikifanyikia katika kanzidata, nywila yenyewe, ikiwa wazi, hulazimika kusafiri hadi huko ndani ya sentensi ya SQL. Muunganisho usipofichwa, anayesikiliza mtandaoni ataisoma. Na hata ukifichwa, sentensi hiyo yaweza kubaki katika daftari la matukio la seva. Waandishi wa miongozo ya PostgreSQL na MySQL wenyewe wanatahadharisha juu ya nywila kusafiri wazi hivyo.

Sababu ya pili ni mzigo. Wanafunzi 40 wakiingia kwa pamoja, kila hashi ikichukua robo sekunde, ni sekunde 10 za kazi. Zikifanyikia katika kanzidata, mhasibu na mwalimu wa taaluma nao watapungukiwa na nguvu ya seva hiyohiyo. Ni lazima tuseme kweli kwamba, programu na kanzidata zikikaa katika kompyuta moja, kama ilivyo katika shule nyingi, sababu hii ya pili hupoteza nguvu. Sababu ya kwanza haipotezi.

Namba za simu za wazazi

Wapo wanaodhani kwamba wakihashi namba za simu wamezificha. Wanachuo wapewe hesabu hii. Namba za simu za mkononi za Tanzania huanza na 06 au 07 na kufuatiwa na tarakimu nane. Kwa hiyo namba zinazowezekana hazizidi milioni 200. Kwa kasi ya hashi 1,000,000 kwa sekunde, zote zitakwisha kwa sekunde 200, muda usiotosha hata kuchemsha chai.

Hashi ya namba ya simu hufaa kwa kulinganisha tu, kama vile kutambua mzazi aliyeandikwa mara mbili. Na hata hapo itumike hashi yenye ufunguo wa siri, iitwayo HMAC. Ufunguo huo ukae upande wa programu, mbali na kanzidata, ili aliyeiba jedwali asiwe ameiba na ufunguo. Lakini kama shule inahitaji kumpigia mzazi, hashi haisaidii, kwani hairudi kuwa namba. Hapo kinachohitajika ni usimbaji unaoweza kufunguliwa na mwenye ufunguo, pamoja na kupunguza idadi ya watu wanaoruhusiwa kuliona jedwali.

Tathmini

Maswali yafuatayo yatamwonyesha mkufunzi kama somo limeeleweka.

1. Kwa kanuni ya ubaoni, tafuta hashi ya 445. Je, inagongana na namba ipi tuliyokwisha kuiona?
2. Programu inaandika mistari 20,000 kwa makundi ya 500, na safari moja huchukua milisekunde 10. Safari zote zitachukua muda gani?
3. Mwenzako anasema: “Nimehamishia hashi za nywila katika kanzidata, sasa zinakwenda upesi zaidi.” Mwulize maswali mawili kabla ya kumpongeza.

Jibu la swali la kwanza ni 42, nayo inagongana na 452 na 522. Jibu la pili ni sekunde 0.4. Swali la tatu halina jibu moja. Lakini mwanachuo aliyeelewa atauliza uzito wa kanuni iliyotumika, na nywila husafiri vipi kufika huko.

Hitimisho

Mwanachuo akimaliza vipindi hivi, asiulizwe tena ni upande upi ulio na kasi zaidi. Aulizwe data iko wapi, itasafiri mara ngapi, na nani ataiona njiani. Akiweza kujibu hayo matatu kwa kazi yoyote atakayopewa, anaweza kukabidhiwa daftari la shule. Wakufunzi watakaovijaribu vipindi hivi wanaombwa waandike vipimo walivyopata, pamoja na aina ya kompyuta na umbali wa seva yao, ili vyuo vingine navyo vipate kulinganisha.